Kitwitwi Aliyemchorea Bi Pweza Bahari

— Mpo?
— Tupo.
— Masikio?
— Tumeyaleta.
— Na macho?
— Tunayo.
— Basi yafumbeni, maana leo tunapaa, na mwenye kizunguzungu ashike nguo ya mwenzake.

Hapo kale, katika pwani ambayo mwamba umeizunguka kama ukuta wa ua, kulikuwa na ndege mdogo akiitwa Kitwitwi. Mwili wake kama limau, miguu yake kama njiti za kiberiti. Kutwa alikuwa akikimbia ukingoni mwa maji, twi-twi-twi, akidonoa vidudu. Wimbi likija, anakimbia. Wimbi likirudi, naye anarudi.

Siku moja maji yamekupwa, akatua juu ya jiwe, akadonoa, ko, ko, ko. Sauti ikatoka chini ya jiwe, ikauliza ni nani anayebisha juu ya paa la watu.

Alikuwa Bi Pweza. Shimo lake lilikuwa chini ya jiwe lile, karibu kabisa na mlango wa mwamba, pale maji ya ndani yanapotokea kwenda bahari kuu. Kitwitwi akainama, akachungulia. Akamwona amejikunja, minyiri yake minane ameizungushia nyumba nzima, na darini yananing'inia mayai, vishada kwa vishada, meupe kama mchele. Bi Pweza alikuwa akiyapulizia maji, fuu, fuu, yasishike uchafu.

Kitwitwi akaomba radhi kwa kelele. Bi Pweza akamwambia haidhuru, akae kitako, maana tangu atage hajapata mtu wa kuzungumza naye.

Wakawa marafiki. Kila maji yakipwa, Kitwitwi alikuja, ko, ko, ko, akakaribishwa. Bi Pweza alimweleza kwamba mama pweza akishataga hatoki tena. Hali, hatembei, haendi kwa jirani. Kazi yake ni kupulizia tu, fuu, fuu, mpaka watoto watoke. Kitwitwi alitaka kumletea kaa mdogo wa kuchangamsha kinywa, naye alikataa kwa upole, akasema hamu imemtoka. Kilichomkosesha raha kilikuwa kingine. Watoto wangetoka na kwenda zao, na yeye hajui watapita wapi. Mawimbi makubwa yamepiga tangu aingie shimoni, huenda bahari aliyokuwa akiijua imeshabadilika.

"Wewe una mbawa, mwanangu," akamwambia. "Nitazamie kwa juu. Niambie bahari yetu iko vipi."

Kazi ikaanza hapo.

Kitwitwi akapaa, akapaa, akatazama chini. Hakuona kitu. Jua lilikuwa utosini na bahari yote ilimetameta kama sinia, macho yakamuuma. Akajaribu tena siku ya upepo, maji yakawa yamekunjamana, chini hapaonekani. Mwisho akajua saa yake: asubuhi, jua likiwa pembeni, upepo haujaamka, maji yametulia kama chai kikombeni. Hapo bahari ikamfunulia tumbo lake.

Akashuka, akamwambia Bi Pweza kwamba ameona cheupe, ameona kijani, ameona cha kahawia.

"Cheupe ni mchanga," Bi Pweza akasema. "Kijani ni majani. Cha kahawia ni matumbawe."

Basi Kitwitwi akaenda kwenye fungu la mchanga lililokuwa jirani, akaanza kuipanga bahari hapo, ili asiisahau. Palipo mchanga, akaweka makombe meupe ya chaza. Palipo majani, akaweka majani. Palipo matumbawe, akaweka vipande vya matumbawe makavu. Kila asubuhi alipaa, akapaa, akatazama chini, akashuka, akaongeza kidogo. Kisha alikwenda kusimulia, na Bi Pweza alisikiliza huku akipulizia, fuu, fuu, na pale Kitwitwi alipokuwa hana hakika, yeye alimsahihisha.

Na kusahihishwa kulikuwepo. Kuna siku Kitwitwi alikuja kwa majivuno, amegundua tumbawe kubwa katikati ya mchanga, hakuna aliyepata kuliona. Kesho yake akapaa, tumbawe limehama. Bi Pweza alicheka mpaka akabadilika rangi. Kilikuwa kivuli cha wingu.

Lakini upande wa nchi kavu kulikuwa na doa moja jeusi, pana, lisilohama. Kitwitwi alidhani ni kilindi. Bi Pweza akamwambia la, hayo ni majani vilevile, ila yameshonana mno, naye ujanani alikuwa akiwinda huko. Kwa juu ni meusi, kwa ndani ni mabichi, na watoto wa samaki wamejazana humo kama wali chunguni. Ila mwezi ukipevuka, maji yakawa ya bamvua, yale yanayojaa kuliko siku zote na kupwa kuliko siku zote, pale hapabaki maji ya kulowesha unyayo. Majani hulala chini kama nywele za mtu aliyetoka kuoga.

Sasa, nje ya mwamba aliishi samaki Chewa.

Chewa mnamjua. Kinywa gunia, tumbo ghala. Yeye humeza kwanza, kisha huuliza alikuwa nani. Akiingia ndani ya mwamba, vichochoro vya matumbawe vilimchanganya, akatoka na uso umechubuka na kisamaki kimoja tumboni. Kwa hiyo alizoea kujilaza mlangoni, nje, kinywa wazi, akingoja wanaotoka. Kila aliyetoka aliingia. Aliposikia kwamba kuna ndege ameipanga bahari yote juu ya mchanga, usingizi ulimpaa.

Akaja kwenye shimo la Bi Pweza. Akaliziba kwa uso wake, shimo likawa giza. Akavuta maji, shwaaa, vishada vya mayai vikayumba kuelekea kinywani mwake. Akayarudisha. Akavuta tena, shwaaa. Bi Pweza akatandaza minyiri yote minane mbele ya mayai, na hakuwa na nguvu ya kufanya zaidi ya hapo. Alikuwa amekonda, ngozi imempauka.

Chewa akasema kwamba anaitaka picha ya bahari, na asipopewa atavuta mara ya tatu na hatayarudisha maji.

Kitwitwi alikuwa juu ya jiwe, moyo unampiga mpaka manyoya yanatikisika.

"Bwana Mkubwa," akasema, "punje hizi utazigombania ya nini, na mimi najua chungu kilipo?"

Chewa akageuka. Jicho lake moja lilikuwa kubwa kumshinda Kitwitwi mzima.

Kitwitwi akamwongoza hadi kwenye fungu la mchanga. Chewa akainua jicho juu ya maji, akatazama. Akayaona makombe, akayaona majani, akayaona matumbawe. Hakuelewa kitu, lakini hakutaka ijulikane. Akauliza swali alilokuwa akilijua, kwamba samaki wengi wako wapi.

Kitwitwi akamwonyesha doa jeusi. Akamwambia kwa juu ni jeusi tii. Akamwambia watoto wa samaki wamejazana humo, hawana hesabu. Akamwambia siku nyingine njia ya kwenda huko ni nyembamba na angechubuka tumbo, lakini asubuhi ya bamvua, maji yakijaa sawasawa, njia ni pana, hata mkubwa kama yeye anapita bila kugusa kitu. Kila neno lilikuwa kweli. Chewa aliuliza habari za kuingia. Habari za kutoka hakuuliza, na Kitwitwi hakuwa mtu wa kusema asiloulizwa.

Chewa alipokwenda zake, Kitwitwi akarudi shimoni. Bi Pweza alimwambia ayasogelee mayai, ayatazame. Ndani ya kila punje palikuwa na macho mawili meusi. Wangetoka asubuhi ya bamvua, akasema, maji yakianza kupwa, ili mkondo uwapeleke nje. Kwa mlangoni.

"Najua," Kitwitwi akasema. "Ndiyo maana nimemwalika kwingine."

Bamvua ikafika. Asubuhi maji yakajaa, yakajaa, yakapanda hata kwenye fungu la mchanga, yakaizoa picha yote, makombe na majani na matumbawe, yakaenda nayo. Chewa akaingia mlangoni kama bwana harusi, akapita kweupe, akapita kijani, akalifikia doa jeusi.

Akafungua kinywa, shwaaa. Majani. Akafungua tena, shwaaa. Majani. Visamaki vilikuwa vikimpita kushoto na kulia, na yeye alikuwa akitafuna majani kama mbuzi. Mara moja alikipata kimoja, kitamu, na hicho ndicho kilichomponza.

Maji yakaanza kupwa. Pezi la mgongoni likahisi upepo. Chewa akasema, bado kidogo. Akavuta, shwaaa. Tumbo likagusa mchanga. Chewa akasema, bado kidogo. Akavuta, shwaaa. Kisha akavuta, hhh, na hakukuwa na maji ya kuvuta.

Akapiga mkia, pwaa. Akapiga tena, pwaa. Majani yakalala, na yeye akalala juu yake, jua likimtazama. Kitwitwi alipita juu, akamwona, akaingiwa na huruma. Akashuka kwa kaa wa mchangani, akawaomba wamfunike Chewa kwa majani mabichi, matamvua yake ya kupumulia yasikauke mpaka maji yarudi. Kaa walishangaa. Akawaambia, "Sikutaka afe. Nilitaka achelewe."

Akaruka hadi kwa Bi Pweza.

Mayai yalikuwa yakipasuka. Bi Pweza alikuwa akipulizia kwa pumzi yote aliyobakiza, fuu, na kila pumzi ilimtoa mtoto, fuu, na mwingine, fuu, na mwingine. Walikuwa wadogo kuliko punje, wembamba, wazi kama maji yenyewe. Mkondo uliwapokea mlangoni kwa mama yao na kwenda nao. Vishada vikabaki vitupu. Bi Pweza akaegemea ukuta, rangi yake imekuwa ya jivu. Macho yalikuwa yameshaanza kufifia.

"Paa, mwanangu," akasema. "Uniambie."

Kitwitwi akapaa, akapaa, akatazama chini. Aliona cheupe, aliona kijani, aliona cha kahawia. Watoto hakuwaona. Akashuka chini kidogo, akatazama. Akashuka tena, mpaka kifua kikakaribia kugusa maji. Maji tu. Nani angemwona mtoto aliye wazi kama maji, ndani ya maji?

Akarudi, akatua juu ya jiwe. Bi Pweza akauliza kama amewaona.

"Nimewaona," Kitwitwi akasema.

Bi Pweza akataka kujua wote wako wapi. Kitwitwi akamwambia wameshapita kwenye matumbawe, wote, kwa mstari. Walipofika penye mchanga walicheza kidogo, kama watoto, kisha wakaendelea. Sasa wako mlangoni, na mlango ni mweupe, hakuna mtu. Kuna mmoja alibaki nyuma, akawa anachungulia kila shimo, mpaka wenzake wakarudi kumchukua.

"Yupi huyo?"

"Yule mdogo mdogo. Akishangaa kitu anabadilika rangi."

Bi Pweza akacheka, kicheko kidogo, kisicho na sauti. Akasema huyo ni yeye mtupu. Akauliza kama wametoka. Kitwitwi akasema ndiyo, wametoka, wako bahari kuu, na bahari kuu kwa juu ni buluu, na wao wanakwenda. Mnyiri mmoja ukalegea, ukateleza ukutani. Kisha mwingine. Kitwitwi aliendelea kusimulia walikofika, akasimulia mpaka wa nane ulipolegea, na baada ya hapo pia akasimulia kidogo.

Jioni maji yakarudi. Chewa akaelea, akajikung'uta majani, akaenda zake polepole, ngozi ya mgongo imebabuka. Alipopita penye lile jiwe akamwona Kitwitwi amekaa peke yake. Akamuuliza kama alimdanganya.

"Hapana, Bwana Mkubwa," Kitwitwi akasema. "Wewe nilikwambia kweli tupu."

Chewa akafikiri njia nzima mpaka kilindini, na hakuona neno lolote lililokuwa la uongo. Lakini mlangoni hakulala tena.

Hapo maji yangu yamekupwa, na mimi nimekwama. Fumbueni macho. Utamu mliouonja nendeni nao, chumvi iliyobaki mniachie mimi.

Ama funzo, maana najua mtaulizwa nyumbani mlifundishwa nini, waambieni hivi: msiseme uongo, watoto wangu, uongo ni mbaya sana. Semeni kweli siku zote, kama alivyoambiwa Chewa. Kitwitwi aliongopa mara moja tu katika hadithi hii, na ninyi mmesikia alipoongopa. Basi asimuige mtu.