Mbuzi ya Mama wa Jini

Alikuwako Sultani Zahran, mtawala wa mji wa Shangamu, mwenye enzi na heshima na mwana mmoja tu, Shehalami. Na siku moja jini akashuka kasrini, na akamfunga kijana ulimi, na mwili wake ukaanza kugeuka jiwe tangu nyayoni.

"Nichoreeni mbuzi ya mama yangu," akanguruma jini, "nami nitamwachia. Lakini atakayekosea, mkono wake utakauka."

Waziri, mpenda ufasaha, akaona haya kutangaza kosa, na akatangaza kuwa anatakiwa mchoraji wa mbuzi *wa* mama wa jini. Wakaja mabingwa, na wakachora mabeberu wenye ndevu za kishehe, na mikono yao ikakauka mmoja baada ya mwingine, na jiwe likamfika Shehalami kifuani.

Ndipo akaja Mize binti Makame, mchora masanduku ya maharusi, mkono wake mwepesi na majivuno yake mazito.

"Binti yangu, rudi," akasema Sultani. "Mkono huo ndio riziki yako."

"Bwana wangu, mkono huu haujanitia aibu. Ila nambieni, jini alisema *wa* au *ya*?"

Waziri akakohoa. "Alisema *ya*. Nikamsahihisha."

"Loo! Umemsahihisha mwenye mali yake! Mbuzi *wa* hula majani. Mbuzi *ya* hukaliwa, ikakuniwa nazi."

Akatwaa mkaa na kitambaa cheupe, na akachora kibao cha mninga chenye maua kingoni, na miguu iliyopishana, na ulimi wa chuma wenye meno. Na pale pa kukalia akatia bonde dogo, kama lile la mbuzi ya mama yake mwenyewe.

Jini akainama, akatazama sana. "Maua siyo. Ya mama ilichongwa nyota."

Vidole vya Mize vikaingiwa na baridi, naye akaogopa kwelikweli.

"Lakini bonde hili," akasema jini, akilipapasa, "ndipo alipokaa akikuna, nami nikimdokolea nazi." Na akalia kama mtoto.

Mara jiwe likayeyuka, na mikono ya wachoraji ikapona, na neno la kwanza la Shehalami likawa kumposa Mize. Jini akaondoka na mchoro wake, akiwaachia maharusi dhahabu tele.

Basi mwenye neno mwachie neno lake. Na waziri? Aliketishwa juu ya mbuzi, akakuna nazi zote za karamu. Hekaya yangu ndiyo hiyo. Anayetaka kuisahihisha, nazi bado zipo.