Nyumba Hapana Paka

Sogeeni karibu, na mwenye usingizi aende akalale sasa hivi. Mwisho wa hadithi hii nitauliza swali, na sitaki mtu aniambie alikuwa amepitiwa.

Katika mji wa Isongwa walikuwepo watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Mhoja, karani wa masijala, alikuwa na macho: alisoma mwandiko wowote, hata uliotafunwa na mchwa, hata wa mtu aliyeandika huku amekasirika. Ramla, aliyewaandikia watu barua na malalamiko kwenye veranda ya mahakama, alikuwa na ulimi: jambo lililopindishwa na wakubwa lilitoka kinywani mwake limenyooka. Kapera, fundi wa chokaa, alikuwa na mikono: ukuta alioupaka haukuonyesha brashi ilipoanzia wala ilipoishia. Watatu hao hawakuwa marafiki. Walikutanishwa na mjane aitwaye Bi Nyamizi, na aliyewakutanisha na Bi Nyamizi ni paka.

Isongwa ina sheria ndogo za mji, na ile ya saba iliandikwa na bwana shauri wa Kizungu katika mwaka wa tauni. Bwana huyo Kiswahili chake alikiokota jikoni, kwa kumfokea mpishi. Akaandika hivi: “Kila nyumba ya udongo lazima paka, mwaka kwa mwaka. Nyumba hapana paka, vunja.” Watu wakasoma, wakawatazama panya waliokuwa wakifa barabarani, wakaona wameelewa. Wakatafuta paka. Bwana shauri akahamishwa, bendera moja ikashuka na nyingine ikapanda, tauni ikasahaulika, na sheria ya saba haikuguswa na mtu. Kila mwezi wa saba mkaguzi alipita nyumba kwa nyumba akihesabu paka. Jina lake la mtaani lilikuwa Bwana Nyau, ingawa si mbele yake. Aliyeuliza kwa nini sheria ile isifutwe aliambiwa kwamba kufuta sheria kunahitaji sheria ya kufutia, nayo haijatungwa.

Bi Nyamizi alikuwa na pumu. Manyoya ya paka yalimbana kifua hadi midomo ikabadilika rangi. Watoto wake wote walikwishatangulia, na mume pia. Kilichobaki ni nyumba ya udongo kando ya soko, ambayo udongo wake yeye na marehemu waliukanyaga kwa miguu yao wenyewe. Kila mwaka jirani yake, Bi Sikujua, alimpitishia paka wake kwa dirisha la nyuma, Bwana Nyau akahesabu, paka akarudishwa. Si yeye peke yake aliyeazimwa. Mwaka mmoja paka huyo mmoja alihesabiwa katika nyumba tisa, na Bwana Nyau akaandika kwenye ripoti kwamba paka wa Isongwa wanafanana sana.

Basi halmashauri ikakitamani kile kiwanja cha kando ya soko, ipate mahali pa kujenga stendi. Mwaka huo Bwana Nyau alikuja na kichupa cha wino wa kupigia kura. Kila paka aliyehesabiwa alipakwa wino sikioni, na waliozoea kuazima wakakimbilia kununua wao. Alipofika kwa Bi Nyamizi, paka aliyepitishwa dirishani alikuwa na sikio la zambarau.

“Mama, huyu nimeshamhesabu kwa jirani,” alisema, akafunga daftari.

Bi Nyamizi alipewa wito wa kufika mahakamani baada ya wiki tatu. Alitoka nao hadi katikati ya soko, akasimama penye watu wengi, akasema huku anahema, “Mnisikie nyote. Atakayeniokolea nyumba hii, nitaandika jina lake chini ya langu. Nikifa, ni yake.” Wengine walicheka. Nyumba ya udongo, nani anaitaka? Lakini ahadi ilikwishatoka mbele ya mashahidi, na Bi Nyamizi hakuwa mtu wa kula maneno yake.

Mhoja aliisikia. Alirudi masijala, akashuka chini kwenye makabati ambayo karani hawezi kuyafungua bila kibali, akayafungua. Siku nne alikula vumbi. Siku ya tano akaipata barua ya yule bwana shauri kwa mkubwa wake, mwandiko umelala kama nyasi baada ya mvua: “Nimewaamuru wapake nyumba chokaa kuzuia maradhi. Sijui kwa nini kila ninakopita wananionyesha paka.” Mhoja alicheka, kisha kicheko kikamkauka. Miaka sitini na ushee mji mzima umefuga wanyama kwa kosa la mtu asiyejua kusema “ipakwe.” Aliichukua barua ile akaitoa nje ya ofisi ndani ya shati. Alifukuzwa kazi kabla jua halijazama, akiwa amebakiza miaka miwili kustaafu.

Ramla aliipokea. Siku ya kesi alisimama mbele ya hakimu bila kuitwa.

“Wewe ni nani hapa?” hakimu aliuliza.

“Ni mtu anayejua Kiswahili, mheshimiwa.”

“Wakili?”

“Wakili angejua sheria. Hapa linalogombewa ni neno.” Akaisoma barua, akaweka karatasi mezani. “Mheshimiwa, mama yako alipokuwa anakuogesha, akimwambia dada yako ‘mtoto paka mafuta,’ dada alileta mnyama?”

Watu waliangua kicheko. Hakimu alimwambia anyamaze, hakunyamaza. Aliambiwa akae, akasema atakaa sheria ikishasimama. Kila hoja aliyoileta Mwenyekiti wa halmashauri, Ramla aliivunja pale pale. Hakimu alikubali kwamba neno ni la kupaka, kisha kwa mkono huo huo akamfunga Ramla siku kumi na nne kwa kuidharau mahakama. Alipotoka, meza yake ya verandani ilikuwa imeondolewa, na mlinzi ana amri asimruhusu kupanda ngazi.

Na Kapera je? Msidhani nimemsahau. Siku mbili kabla ya kesi, Ramla alikuwa anajizoeza maneno yake pale verandani, furaha imemjaa, wakati Kapera anapita na ndoo.

“Dada, umeshinda,” alimwambia. “Sheria ni chokaa. Na hiyo nyumba ya mama imepakwa?”

Ramla alishika kichwa. Nyumba ya Bi Nyamizi haikuwahi kuona chokaa. Wangeshinda neno na kupoteza nyumba asubuhi ile ile. Sasa chokaa mbichi, kila fundi anajua, huloweshwa ikalala siku kadhaa ndipo ishikwe. Kapera hakuwa na siku kadhaa. Aliichanganya ikiwa bado inachemka, akapaka peke yake kuta nne, ndani na nje, hadi pakabaki chini ya dirisha la nyuma tu. Hapo ndoo ilimponyoka, chokaa ikamrukia usoni. Alimalizia ukuta akiwa ameziba jicho la kushoto kwa kitambaa. Jicho hilo halikuona tena.

Hakimu alikwenda mwenyewe kuikagua nyumba. Akaikuta nyeupe. “Imepakwa,” akasema. “Isimame.”

Bi Nyamizi alipiga magoti akalia kwa furaha. Ningependa niishie hapa, tule karanga tukalale. Lakini Mwenyekiti wa halmashauri naye alikuwepo, na hakununa hata kidogo. Alisogea mbele akaishukuru mahakama.

“Tunashukuru kusomeshwa sheria yetu,” alisema. “Sisi hatutungi, tunatekeleza tu. Kila nyumba ya udongo isiyopakwa chokaa, vunja.”

Kando ya soko palikuwa na nyumba kumi na saba za udongo. Kumi na sita zilikuwa na paka. Yenye chokaa ilikuwa moja.

Greda lilikuja Jumatatu. Watu walitoka wakiwa wamewabeba paka wao kifuani, wakiwaonyesha askari yale masikio ya zambarau, wakipiga kelele kwamba wao wamehesabiwa, wametii, wana paka tangu enzi za babu zao. Walikuwa wametii kweli. Hakuna watu walioitii sheria ile kuliko wao. Nasema bila kuficha kwamba nikikumbuka masikio yale hasira hunipanda mpaka leo. Hadi adhuhuri ilibaki nyumba moja nyeupe katikati ya uwanja wa vumbi, na halmashauri ikawa na nafasi ya stendi kubwa kuliko iliyoiomba.

Bi Sikujua hakupiga kelele. Alisimama mbele ya mlango wa Bi Nyamizi, paka ndani ya kanga.

“Nyamizi,” alisema, “mimi ndiye niliyekuwa nakupitishia paka.”

“Najua, mwenzangu.”

“Miaka kumi na mmoja.”

“Najua. Ingia.”

“Na paka?”

Bi Nyamizi alikitazama kile kilichokuwa kinacheza ndani ya kanga. Kifua kilikwishaanza kumbana. “Ingia naye,” akasema.

Tangu siku hiyo analala ameketi, ameegemea ukuta mweupe, akivuta pumzi kwa shida, na Bi Sikujua analala chumba cha pili na mnyama wake, kwa sababu ndicho kitu pekee alichotoka nacho.

Sasa karani mpya wa viwanja amekuja na daftari kubwa. Sheria ya tisa ya Isongwa, ya bwana shauri yule yule, inasema: “Nyumba moja, jina moja.” Mrithi ni mmoja. Wawili hawaandikiki, na nusu nusu haipo. Asipoandikwa mtu leo, mama akifa kiwanja kinakwenda stendi.

Watatu wamekuja kibarazani, na hakuna aliye na aibu ya kudai.

“Bila barua yangu,” anasema Mhoja, “mngekuwa mnabishana na paka hadi leo. Sina kazi, mama. Sina pa kurudi.”

“Barua ilikuwa karatasi mpaka nilipoisema,” anasema Ramla. “Nimelala gerezani kwa ajili yako.”

Kapera anagusa ukuta, analitafuta lile doa chini ya dirisha. “Neno lao lingeivunja nyumba hii vizuri tu. Jicho langu liko hapa.”

Bi Sikujua hadai kitu. Anasonga ugali ndani, na kila mtu anamsikia mwiko.

“Jina moja, mama,” karani anasema. “Nina nyumba nyingine za kwenda.”

“Nyumba zipi?” Bi Nyamizi anamwuliza, na karani anainamisha macho kwenye daftari.

Bi Nyamizi ameishika kalamu. Aliahidi mbele ya soko zima kwamba atamwandika aliyemwokolea nyumba, na waliomwokolea ni watatu, na hakuna hata mmoja unayeweza kumtoa nyumba ikabaki imesimama. Aliyemtunza miaka kumi na mmoja hakumwokolea kitu, na nyumba yake ilianguka ili hii isimame. Kifua kinabana. Wino unakauka.

Haya, nyinyi mliokaa mkanisikiliza, msitazamane. Kalamu ingekuwa mkononi mwako wewe, ungeandika jina la nani, na wale wengine ungewaambia nini?