Herufi Iliyopita Chumbani kwa Sultani

Hapo zamani, maandishi ya Kiingereza yalipokuwa bado mageni, palikuwa na mwandishi fukara aitwaye Machano, hana mali ila kalamu na mke mwenye ulimi mkali. Kalamu ndiyo iliyowalisha, kwa kuwa barua zote za Sultani Ngwali ziendazo ng'ambo aliziandika yeye.

Siku moja waziri, ambaye hakumpenda Machano, akaichungua barua, akaruka kama aliyeona nge.

"Bwana wangu, tazama! Hapa juu umeandikwa Sultani Ngwali, kwa herufi kubwa. Huku chini umeandikwa sultani tu, kwa herufi ndogo. Na Bi Mwanate mfinyanzi, ambaye vyungu vyake tunavipeleka zawadi, amepewa herufi kubwa!"

Sultani akawaka. "Ama! Mimi mdogo kwa mfinyanzi?"

"Hasha, bwana wangu," akasema Machano. "Ndiyo desturi ya Kiingereza. Jina la mtu, awe nani, huanza kwa herufi kubwa. Cheo kikifuatana na jina, nacho hukuzwa. Kikisimama peke yake huandikwa kwa herufi ndogo, kwani masultani ni wengi."

Hilo la wengi ndilo lililomponza.

"Basi sikiza," akasema Sultani. "Utaichora hapa uani herufi ya kwanza ya cheo changu, iwe sawasawa na ukubwa wangu, isipungue hata unyoya. Ijumaa isipokuwa tayari, kalamu yako nitaivunja nawe utaingia gerezani."

Machano akarudi kwake miguu mizito. Mkewe aliposikia, ule ulimi wote ukamkauka, akalia. Hapo ndipo Machano alipoogopa kweli, maana hakuwahi kumwona akikosa la kusema.

Ijumaa asubuhi akaja na ndoo ya chokaa na wanaume sita wenye mitaimbo. Akaanza mstari barazani, ukapinda bustanini, ukaingia jikoni, ukapanda ukuta wa chumba alalamo Sultani. Basi wale sita wakaanza kubomoa.

Sultani akatoka mbio, kilemba mkononi. "Mnafanya nini, nyie?"

"Herufi inapita, bwana wangu. Huu ni mkia wake tu. Ukubwa wako hauwezi kuishia jikoni."

"Ipitishe pembeni!"

"Itapungua, nami nitafungwa."

"Basi ifupishe!"

"Iwe dhiraa ngapi? Mimi sithubutu kuupima ukubwa wako. Sema mwenyewe, watu wasikie."

Na watu walikwisha kujaa. Sultani akasema dhiraa mia; mpishi akapiga yowe kwamba chokaa imeingia kwenye pilau. Akasema hamsini, bado ikawa lazima ukatwe mkomamanga wake aupendao. Jasho likamtoka, ikawa anapunguza na watu wanahesabu, hata mwisho akasema kwa sauti ya chini, "Nipe inayoenea kwenye karatasi."

"Kama ile ya barua?"

"Ile ile."

"Na Bi Mwanate?"

Sultani akalitazama tundu la ukuta wake, akamtazama Machano, akaangua kicheko hata kilemba kikamdondoka. "Mwache mama wa watu na herufi yake!"

Basi Machano akavishwa joho, akaenda nyumbani na sinia la pilau lisilo na chokaa, na mkewe akaurudia ulimi wake siku ile ile. Tundu aliliziba waziri kwa mikono yake. Lakini mstari wa ukutani Sultani aliagiza usifutwe. Ikawa kila aletewapo barua yenye cheo chake kwa herufi ndogo, huutazama kwanza ule mstari, kisha akatia sahihi.