Glasi ya Pili ya Mvinyo wa Chilongani

Wanywaji na wasiokunywa, sogeeni wote. Watoto nao wakae mbele, maana leo sigawi mvinyo, nagawa kesi. Imenishinda mimi, ikamshinda na aliyenisimulia, na nimechoka kulala nayo peke yangu. Nawaomba kitu kimoja tu: asinikatize mtu. Jibu linalotoka kabla hadithi haijaisha huwa ni kelele.

Dodoma, mtaa wa Nkuhungu, walikuwako watu wanne waliopenda mvinyo kuliko wengine wanavyopenda mpira. Si walevi, jamani, msianze. Kila Jumapili wakitoka kanisani walikutana uani kwa Sechelela, kila mmoja na habari za chupa aliyoifungua juma lile: umenukaje, umeteremkaje kooni, umeacha nini ulimini. Majirani walichungulia ukutani wakicheka, wakisema watu wazima hawa wananusa glasi kama wanaokagua maziwa yaliyolala. Wao hawakujali.

Ndahani alikuwa na pua. "Wangu wa juma hili unanuka gunia la karanga lililonyeshewa," angesema, na ukiisogeza pua yako kwenye glasi, gunia hilo hapo. Aliweza kupita nje ya nyumba ya mtu akakuambia ndani kuna pipa linalovuja. Mkewe alishakoma kumficha chochote cha kuliwa.

Damari alikuwa na mikono. Kazi yake fundi vioo, madirisha na makabati, na chupa zote za kikundi zilifunguliwa na yeye. Habari zake za juma zilihusu vizibo: hiki kililowa hadi hapa, hiki kilikatika, chupa hii ililazwa, hii ilisimamishwa. "Aliyekuuzia aliisimamisha juani," angemwambia mtu kabla hata hajamimina. Wakionja, kweli, mvinyo umechoka.

Yoeli, mkubwa wao kwa umri, alikuwa na ulimi. Mpe kijiko kimoja, atakuambia zabibu zimetoka upande gani, zilikatwa zimeiva au la, na kama mwenye mvinyo alitia sukari kwa siri. Kwa ulimi huo kuna wakulima waliokwisha kuacha kumsalimia.

Sechelela hakuwa na kipaji cha namna hiyo. Alipanga viti, akasuuza glasi, akasikiliza. Kila chupa ikifunguliwa alikuwa wa kwanza kuonja, halafu anatikisa kichwa taratibu na kusema, "Mzuri. Lakini siyo." Hawakumuuliza siyo nini. Walijua.

Baba yake, Chilongani, alikuwa na shamba la zabibu njia ya kwenda Hombolo. Alitengeneza mvinyo mwenyewe nyumbani, akautia kwenye chupa zozote alizookota, za pombe kali za kizungu, za juisi, za siki, akaziba na kuzifunika shingo kwa nta ya nyuki. Binti alipodai kuonja alikatazwa. "Wewe kula zabibu," baba alimwambia. "Mvinyo wangu utakunywa siku ya harusi yako, na mimi ndiye nitakayekumiminia." Sechelela akiwa darasa la nne, Chilongani akafariki. Matanga yakajaa watu, na ninyi mnajua matanga yalivyo. Waombolezaji waliutafuta mvinyo wa marehemu mpaka chini ya kitanda chake, wakaunywa wote, wakamsifu, wakaenda zao. Baadaye ndugu wakagawana shamba, likapimwa viwanja, mizabibu ikang'olewa, zikasimama nyumba. Siku ya harusi yake, Sechelela alikunywa soda.

Basi Jumapili moja aliwaambia wenzake, "Mimi nimemkosa baba yangu mpaka nasahau sauti yake. Namkumbuka mikono, namkumbuka kofia, sauti imeondoka. Nadhani nikiuonja mvinyo wake itarudi. Labda ni ujinga. Lakini atakayenipatia, nitakaa naye hapa nimmiminie sawa na mimi, glasi kwa glasi. Sitagusa yangu kabla hajashika yake. Na awe mtu mmoja, maana nikilia nataka kulia mbele ya mtu mmoja."

Hayo ndiyo aliyoahidi. Yashikeni hivyo hivyo.

Haukupita muda, Ndahani akaenda ukweni kwenye ubatizo. Wakwe zake ni walokole wa kweli, pombe hata ya kusafishia kidonda wanaikwepa. Amekaa sebuleni na sahani yake ya wali, pua ikamwita. Akainuka, akaifuata mpaka kwenye kabati la vyombo. Juu yake, katikati ya maua ya plastiki, ilikuwapo chupa yenye picha ya paa mwenye pembe, chupa ya pombe kali ya Ulaya kwa yeyote anayejua kusoma. Lakini nta ya shingoni ilikuwa imepasuka kidogo, na kilichokuwa kinatoka pale hakikuwa pombe kali. Kilikuwa udongo wa Hombolo, nta, na zabibu.

"Mkwe wangu," mama mkwe akauliza, "kuna kilichokupotea kabatini mwangu?"

Mnajua mkwe hanyooshei kidole kitu cha ukweni. Na mnajua kumwomba mlokole chupa ya pombe, siku ya ubatizo, mbele ya mchungaji, ni jambo gani. Ndahani akapiga goti.

"Mama, naomba chupa ile."

Mama mkwe akamtazama, akamtazama binti yake, akasema, "Marehemu mume wangu alimchimbia kisima mtu mmoja wa zabibu, akapewa ile. Jina silikumbuki. Hatunywi, ila zawadi haitupwi, tukaifanya pambo. Kumbe binti yangu ameolewa na mtu wa namna hii. Haya, chukua." Mke wa Ndahani hakumsemesha njia nzima, na mpaka leo ukweni anaitwa Mkwe wa Chupa. Hakuna aibu ndogo ukweni.

Jumapili iliyofuata akaiweka mezani kwa Sechelela. Wote wakainama kuitazama, wakaona msiba mwingine. Kwa kuwa wakwe hawakujua mvinyo hulazwa, walikuwa wameisimamisha miaka yote hiyo. Kizibo kimekauka, na zaidi ya nusu ya mvinyo umeondoka na hewa.

"Kisukume kizibo ndani tumimine," Ndahani akasema.

"Ukikisukuma hiki kinakuwa unga," Damari akajibu. "Unga na nta iliyooza vyote vinaingia humo. Utamnywesha dada yako uji. Msiiguse, wala msiitikise, nakuja."

Akaenda karakana kwake akarudi na kisu chake cha kukatia vioo, waya, na jiko la mkaa. Akaichora shingo ya chupa mstari mmoja chini ya kizibo, mviringo mzima, bila kuiinua chupa. Akaupasha waya mpaka ukawa mwekundu, akauzungusha kwenye mstari ule, kisha akagusisha kitambaa kibichi. Shingo ikakatika tik, ikatoka na kizibo chake ndani. Haikuanguka chembe. Angepishana kidogo tu, chupa ingepasuka yote na mvinyo ungenywewa na mchanga. Akaiweka shingo ile pembeni, akajifuta mikono kwenye khanga.

Sechelela akanyoosha mkono kwenye chupa, halafu akaurudisha.

"Nitajuaje?" akauliza. "Mimi sijawahi kuuonja. Chupa inasema Ulaya. Mama mkwe hakumbuki jina. Watu wa zabibu ni wengi. Nikiunywa wa mtu mwingine nikaamini ni wa baba, nitakuwa nimemzika mara ya pili."

Wote wakamgeukia Yoeli. Akamimina kijiko kimoja, akakitia kinywani, akafumba macho. Ndahani akataka kumtikisa. Kisha Yoeli akageuka pembeni, akautema chini.

"Kwa nini umeutema?" Damari akauliza kwa hasira.

"Mwenyewe hajaunywa. Ningemezaje mimi kwanza?" Akajifuta mdomo. "Udongo ni wa Chilongani. Ile chumvi kidogo mwishoni haiko shamba jingine. Lakini kuna kitu sikielewi. Huu ni mchachu. Zabibu zilikatwa bado mbichi upande mmoja, na Chilongani hakuwa mtu wa kukata zabibu mbichi, angeona bora zioze."

Sechelela akakaa chini. Akasema, na sauti ilikuwa ndogo, "Shangazi alinisimulia. Mwaka niliougua surua, baba alivuna zabibu zote mapema kwa siku moja, ili apate kuja kukaa nami hospitali. Watu walimcheka msimu mzima, mvinyo ukakosa wanunuzi. Sikumwamini shangazi. Nilidhani ananifariji." Akafunika uso kwa mikono miwili.

Hata majirani kule ukutani waliona aibu, wakaondoka.

Alipotulia, Sechelela akamimina mwenyewe. Chupa ikatoa glasi moja. Ikatoa na ya pili. Ikaisha.

Sasa najua kuna mjanja hapo nyuma anayesema, wagawane. Keti, mjanja. Walilifikiria kabla yako. Glasi moja kwa midomo mitatu ni kulowesha ulimi, wote wangeuonja na hakuna ambaye angeupata. Na ahadi ilikuwa ya mtu mmoja. Sechelela alisema, "Baba aliniahidi jambo moja na kifo kikamvunjia. Mimi niko hai. Yangu sitaivunja." Akaisukuma glasi ya pili katikati ya meza, akangoja waelewane wao.

Hawakuelewana.

"Ni yangu," Ndahani alisema, na hakusema kwa ulafi. "Bila pua yangu chupa ile ingekaa kwenye maua mpaka ikauke. Na si hilo tu. Mama yangu alikuwa mvunaji kwa Chilongani. Akirudi jioni, khanga yake ilinuka hivi. Mnadhani niliijuaje? Mama naye hayupo. Dada Seche anamtafuta baba, mimi namtafuta mama, na wote wawili wamo kwenye glasi moja."

"Ungeukuta, ndiyo, halafu ungemnywesha unga," Damari akasema. "Mnaniona mimi ni mfunguaji tu, kila Jumapili nafungua nyinyi mnasifia. Basi nisikilizeni. Zile nyumba zilizojengwa shambani kwa Chilongani, madirisha yake niliweka mimi. Nilipokuwa nachanganya lipu ya kushikizia fremu, mashina ya mizabibu yalikuwa bado yanachipua kati ya matofali, nikayakanyaga nikaendelea na kazi. Usiku nayaona. Nataka mara moja tu nijue nilikanyaga nini."

Wakamtazama Yoeli. "Mimi nilikuwa matangani," akasema. "Nilikuwa kijana, sikuwa hata jamaa. Niliingia na wengine, nikanywa mvinyo wa marehemu huku binti yake amelala njaa chumba cha pili. Ulimi wangu ulianzia pale. Kila chupa niliyoonja tangu siku hiyo nilikuwa natafuta ile, kama wewe, Seche. Bila wizi wangu ule leo usingepata shahidi. Na leo niliupata mdomoni, ule ule, nikautema. Hamjui ilivyokuwa kuutema."

"Umeshaonja mara mbili basi," Ndahani akasema.

"Mara moja kwa wizi na mara moja bila kumeza," Yoeli akajibu. "Wewe hesabu."

Sechelela aliwatazama mmoja mmoja. Kumkataa yeyote hakuweza. Aliyeuleta alijidhalilisha kwa ajili yake, aliyeufungua hakumwaga hata tone, na aliyeushuhudia ndiye aliyemrudishia habari ya surua, habari iliyomwambia baba yake alimpenda kuliko shamba. Ukimwondoa mmoja, hakuna mvinyo, au kuna uji, au kuna chupa tu ya mtu asiyejulikana.

Ndipo Ndahani aliyekuwa akibishana akanyamaza ghafla. Pua yake ilikuwa imeinama juu ya meza.

"Unakwenda," akasema.

Mvinyo mzee ndivyo ulivyo. Miaka yote unavumilia gizani, ukifunguliwa hauna subira. Ndahani aliwaambia: zabibu inapungua, siki inakuja nyuma yake. Wakibishana kidogo tu watabishania siki. Na Sechelela glasi yake ameishika kwa mikono miwili, karibu kabisa na mdomo, machozi yanamshuka mpaka kidevuni, na hanywi, kwa sababu aliapa hatagusa yake kabla mwenzake hajashika ya pili.

Pale ndipo aliyenisimulia alipoishia. Nilimshika mkono nikamuuliza, ilikuwaje, nani aliichukua? Akasema yeye ameleta swali, jibu nitafute kwa watu wangu.

Watu wangu ni ninyi. Pua, mikono, au ulimi? Nani ashike glasi ya pili ili binti wa Chilongani apate kunywa? Semeni. Na mseme upesi, bado ameishika.