Fisi Aliyeomba Konde

Paukwa!

"Pakawa!"

Pakawa nini?

"Sema wewe, sisi tumeshakaa!"

Basi kaeni vizuri. Na wewe uliyekumbatia bakuli la karanga, lisogeze katikati, ngano haisikilizwi na mchoyo.

Palikuwa na bonde, na bondeni palikuwa na konde la udongo mweusi. Ukidondosha mbegu leo, kesho inakuchungulia. Konde hilo halikuwa la mtu mmoja. Lilitunzwa na Chama cha Kulinda Konde, na chama hicho, jamani, mimi nakipenda hata leo. Chura alisafisha chemchemi. Mama Kanga, mjane mwenye vifaranga tele, alipanda kunde na mtama. Wote kwa pamoja walichimba makinga maji, mvua isije ikaubeba udongo. Hata Nyani alikuwa mwanachama. Walimwuliza, "Nyani, wewe mwizi wa mahindi, huku umefuata nini?" Akajibu, "Shamba likifa, nitaiba wapi?" Wakaona ana hoja, wakampa jembe. Akalima, tena akalima vizuri kuliko wengi wanaojiita waaminifu.

Katibu wa chama alikuwa Fuko. Fuko mnamjua? Kinyama kidogo cha chini ya ardhi. Macho hana, maneno anayo.

Siku moja akaja Fisi. Taya kubwa, tumbo kubwa, na tamaa kubwa kuliko vyote. Akalitazama konde, akacheka, "Kwii-hi-hi! Hapa patatoka viwanja! Nitakata, nitauza, nitakula!" Akaanza kupigilia vigingi, ko! ko! ko!, katikati ya kunde za Mama Kanga.

"Baba, hizo ndizo chakula cha wanangu," Mama Kanga akalia.

"Wao wakikosa chakula," akasema Fisi, "mimi sitakosa. Nitawala wao."

Mama Kanga akawakusanya watoto chini ya mbawa. Mimi nilipokuwa mdogo, ngano ikifika hapa nilikuwa nalia. Ninyi mkitaka kulia, lieni, hakuna atakayewacheka.

Sasa, Fisi akipigilia kigingi, ko! ko!, Fuko anakuja chini kwa chini, anatafuna, kigingi kinaanguka, tii! Fisi anapigilia tena, ko! ko! Fuko anatafuna tena, tii! Wanunuzi wakaja, wakaviona vigingi vimelala chali, wakatikisa vichwa.

"Hatununui kiwanja chenye mgogoro," wakasema. "Kwanza upewe na wenyewe, mbele ya watu." Wakaondoka.

Fisi akavimba kwa hasira. Akapiga kelele bonde zima lisikie, "Nipewe konde, au kesho naanza na vifaranga!"

Fuko akatoa pua nje ya shimo.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, we kipofu. Mnanipa, hamnipi?"

"Tunakupa, Mheshimiwa. Tumechoka. Njoo kesho barazani, useme kwa kinywa chako, 'Nipeni konde.' Chama chetu kina desturi yake: anayeomba mbele ya watu hanyimwi. Ila akishaomba, hapewi nusu."

"Nusu! Mimi na nusu wapi na wapi?"

Akaenda zake, njia nzima anajizoeza asije akasahau. "Nipeni konde! Nipeni konde!" Akajikwaa kwenye kisiki, "Nipeni konde!" Akanywa maji, gubu gubu gubu, "Nipeni konde!"

Kesho yake baraza likajaa. Wanunuzi walikaa mbele. Mama Kanga alikaa nyuma kabisa na watoto wake, hata uji ulikuwa umemshinda. Fisi akasimama, kajipaka mafuta mpaka anang'aa.

"Nipeni konde!"

"Umeomba konde?" akauliza Fuko.

"Konde!"

"Kwa hiari yako?"

"Kwa hiari yangu!"

"Moja, au makonde yote tuliyonayo?"

Fisi macho yakamtoka. Kumbe yapo na mengine! "Yote! Kwii-hi-hi! Na msinipunje!"

"Mmesikia?"

"Tumesikia!"

"Haya, Nyani. Mpe."

Nyani akasogea taratibu, akakunja mkono, akapima. Puu! Konde likatua puani.

"Mama yangu! Nini hii?"

"Konde," akasema Fuko.

"Mimi nilitaka la kulimwa!"

"Ala! Kumbe unalima?" Fuko akauliza kwa upole. "Hebu nyoosha kiganja tuone sugu."

Fisi akajitazama. Viganja laini, vimepakwa mafuta. "Silimi," akanong'ona.

"Basi ndiyo hivyo, Mheshimiwa. Kwa anayelima, konde ni shamba. Kwa asiyelima, konde ni hilo hapo. Nyani, endelea, ameomba yote."

Puu! la kushoto. Puu! la kulia. Nyani naye alikuwa amekuja na mashemeji zake, nao wakapanga foleni, kila mmoja anajinyoosha vidole. Fisi akaitazama ile foleni, hakuuona mwisho wake.

"Basi! Basi! Sitaki tena konde!"

"Aliyeomba mbele ya watu huacha mbele ya watu," akasema Fuko. "Sema, konde la bondeni ni la nani?"

"Lenu! La watoto wenu na wajukuu wenu! Lisikatwe! Lisiuzwe! Hata mimi mwenyewe nikija kuwabembeleza, lisiuzwe!"

"Mmesikia?"

"Tumesikia!" wakaitika wote, na wanunuzi nao wakaitika.

Fisi akatimka, tifu tifu tifu, kiuno kakiinamisha asipigwe la mgongo. Mpaka leo hajakinyoosha. Na Mama Kanga? Mama Kanga alishuka shambani na wanawe, akaviokota vigingi vyote, akavifanya kuni, akapikia kunde. Watoto wakala, wakashiba, wakalala.

Ngano yangu imefika mwisho wa tuta. Tamu yake gawaneni, chungu yake niachieni mwenyewe.

Mnataka funzo? Funzo ni hili: ngumi haijengi, wanangu. Watu wenye busara humaliza mgogoro wa ardhi kwa maneno. Na hapa, mmeona wenyewe, lilitosha neno moja tu.