Wahbi na Miguu ya Farasi wa Amiri

Wametusimulia waliotutangulia kwamba katika mji mmoja wa milimani, kwenye nchi za Ajemi, aliishi mja wa Mwenyezi Mungu aliyeitwa Wahbi bin Shurayhi, mtunzaji wa farasi wa Amiri wa mji ule. Alikuwa mtu wa ibada, mwepesi wa kufunga, mzito wa kusema uwongo, na alipenda usafi mno. Tena mno kweli, kama mtakavyoona.

Amiri alikuwa na farasi mweupe aliyeletwa kama zawadi kutoka Rumi. Miguu yake ilikuwa na singa, yaani nywele ndefu laini, kuanzia magotini hadi kufunika kwato, na akienda ungedhani amevaa kanzu. Kila Ijumaa Amiri alimpanda kwenda msikitini, na watu walijipanga njiani kuitazama miguu ile. Kwa hiyo ikatoka amri: mkasi usiguse singa za farasi yule, na atakayemdhuru atakatwa mkono.

Wahbi naye akawaza kwamba mnyama abebaye mtu kwenda kusali haifai awe na uchafu miguuni. Basi kila alfajiri, akimaliza kutawadha mwenyewe, alimtawadhisha na farasi, kila mguu mara tatu, kwa maji yenye baridi ya theluji. Nia ilikuwa safi. Lakini singa zile hazikukauka hata siku moja, na chini yake ngozi ikaanza kuharibika pasipo mtu kuona.

Farasi akawa anapiga kwato chini, anajing'ata miguu na kujikuna kwenye nguzo hadi damu. Wakuu wa banda walipozifunua singa wakakuta magamba, usaha na harufu mbaya. Wakatafuta wa kulaumiwa, wakampata Bibi Rayhana, mjane aliyekamua mafuta ya ufuta, kwa kuwa mafuta yake ndiyo yaliyopakwa kwenye kwato za mbele. Wakasema yana sumu. Amiri akaamuru afungwe, na Ijumaa baada ya sala akatwe mkono mbele ya watu.

Wahbi alipoinama kumtazama farasi, aliikagua miguu yote minne. Miguu ya nyuma ilikuwa na vidonda vingi kuliko ya mbele, na mafuta ya mjane hayakupata kuigusa miguu ya nyuma. Kilichoigusa miguu yote ni maji yake yeye.

Akaogopa. Ndugu zangu, tusimdharau kwa hilo, maana mkono ni mkono. Akisali hakujua amesoma sura gani. Akajiambia atasema kesho. Kesho ikafika, akajiambia huenda Amiri akamhurumia mjane bila yeye kujitia kitanzini. Nafsi ilipozidi kumsuta, alimpelekea Bibi Rayhana mkate gerezani, akidhani sadaka itamtuliza.

Mjane akaupokea, akamuuliza, "Mwanangu, wewe ndiye unayeshinda na yule mnyama. Umeona mafuta yangu yakimdhuru?"

Wahbi akatazama chini. "Allah ndiye ajuaye, mama."

"Naam, Yeye anajua," akasema mjane. "Nimekuuliza wewe."

Wahbi akainuka. Alitoka pale, na alipofika njia panda, moja iendayo kwake na nyingine kwa Amiri, alisimama hadi wapita njia wakamdhania mgonjwa. Kisha akaenda kwa Amiri, akamkuta barazani.

"Ewe Amiri," akasema, "mjane hana kosa. Mimi nilimwosha farasi kila alfajiri nikamwacha na maji. Ujinga wangu ndio uliomtia vidonda."

 Amiri akauliza, "Mkono upi ulimwosha?"

Wahbi akaunyosha wa kulia. Ulikuwa ukitetemeka, wala hakuuficha.

"Unaniogopa?"

"Nakuogopa, Amiri, na sioni haya kusema. Lakini yuko ninayepaswa kumwogopa zaidi, na nimechelewa kumwogopa."

 "Mjane atoke," akasema Amiri. "Nawe mponye farasi kabla mwezi haujaandama. Asipopona, nitachukua mikono yote miwili."

"Basi niruhusu mkasi," akasema Wahbi, na wanabaraza wakashika vichwa. Amiri akaruhusu kwa uchungu.

Akazikata singa zote hadi ngozi ikaonekana, nyekundu na yenye kuvimba, vijidudu vikitembea juu yake. Akaiosha mara moja tu kwa maji ya uvuguvugu, magamba yakalainika, akayatoa bila kuyabandua kwa nguvu. Akaikausha kwa kitambaa mpaka nyuma ya kwato. Kisha akachanganya kibiriti upele, ule unga wa manjano, na mafuta ya ufuta, akapaka taratibu. Mafuta yalikuwa ya Bibi Rayhana, kwa kuwa mjini hapakuwa na safi kuliko yake. Kila siku akabadilisha majani ya bandani ili farasi asimame pakavu.

Mwanzoni farasi alizidi kujikuna, na kila kwato zilipogonga sakafu Wahbi aliitazama mikono yake. Alfajiri mikono hiyo ilimwasha kutaka kushika maji, akaizuia. Subira ile ilimtesa kuliko funga yoyote. Mwezi ulipokaribia kuandama, kishindo cha kwato kikakoma. Ngozi ikakauka, vinyweleo vipya vikaota. Wahbi akasujudu palepale kwenye majani, na Amiri akamsamehe.

Ndipo akaenda kwa Bibi Rayhana kuomba radhi. Alimkuta anakamua ufuta.

"Kwa kumwosha farasi nimekusamehe," akasema mjane. "Hukujua. Lakini siku uliyoniletea mkate ulikuwa unajua. Kwa hilo niombee kwa Mola anipe moyo wa kukusamehe, maana bado sina."

Inasemekana Wahbi aliomba dua hiyo kila baada ya sala mpaka alipofariki, na hakupata kujua kama ilijibiwa.

Nasi tumche Mungu, wapenzi. Kosa la kutojua Wahbi alilitibu kwa mkasi, mafuta na subira. La kunyamaza aliingia nalo kaburini. Mwenye neno la kumwokoa mwenzake asilale nalo.