Breki ya Kifua Wazi

Kinachotetemeka ndicho kinachoshika. Methali hii ilianza hivi. Lakini kwanza, Mhina, zima hiyo pikipiki yako, maana mimi sikuumbiwa kushindana na injini.

Haya. Umekuja hapa umenuna, na dada yako Chausiku anakucheka, kwa sababu mama yenu alikutamkia maneno hayo asubuhi ulipomwonyesha chombo chako kipya. Wewe ukadhani anakitukana. "Babu, haitetemeki hata kidogo, ni ya kisasa." Nimekusikia, mjukuu wangu. Kaeni kwenye benchi. Siwezi kumhadithia mtu aliyesimama, naona kama ananiharakisha nimalize.

Wakati huo mimi nilikuwa mpiga tarumbeta kwenye bendi ya harusi. Msiniangalie mdomo, meno yalikuwepo. Huku kwetu Lushoto, binti akiolewa bondeni, Mombo au Korogwe, hakushushwa kimyakimya. Mbele ilitangulia pikipiki iliyofungwa maua, nyuma yake pikapu ya matarumbeta, kisha gari la bi harusi, kisha wengine wote. Kazi ya pikipiki ilikuwa kufungua njia. Ikipiga honi kwenye kona, wanaopanda mlima walijua kuna harusi inashuka, wakajibanza pembeni. Barabara yenyewe mnaijua: upande mmoja ukuta wa mawe, upande wa pili hakuna kitu.

Mfungua njia aliyesifika kuliko wote alikuwa Mbaruku Shemdoe. Pikipiki yake haikuwa hizi ndogo za bodaboda, wala haikuwa yale madubwana wanayokuja nayo watalii. Ilikuwa ya kati. Haikuwa na lile gamba la plastiki la kuziba upepo. Injini yote ilikuwa nje, unaiona mpaka boliti. Siku ya kwanza ilipopita sokoni Soni, mama mmoja muuza mapeasi akaitazama akasema, "Jamani, hii mbona imetoka bila shati?" Tangu siku hiyo ikaitwa Kifua Wazi, na hakuna aliyekumbuka tena jina la kiwandani.

Kifua Wazi ile ya kwanza ilikuwa na nguvu lakini haikuwa na adabu. Ilikuwa nzito, kiti kiko juu, na breki yake ya mbele ilikuwa kali kama ulimi wa wifi. Ukiishika moja kwa moja kwenye tope, gurudumu lilikwama, pikipiki ikalala, na wewe ukaendelea na safari peke yako. Kwa hiyo Mbaruku alijifunza kuibembeleza: minya, achia, minya, achia. Vijana wote wa Lushoto walimwiga. Ukikosea kona ulikuwa unaulizwa, "Hujui minya-achia?" Na kwa pikipiki ile ilikuwa elimu ya kweli, msije mkasema Mbaruku alikuwa mjinga.

Baada ya miaka ikatoka Kifua Wazi mpya. Mbaruku aliifuata mwenyewe Tanga, akarudi nayo, na sisi tukatoka kwenda kuiona kama watu wanaokwenda kumwona mtoto mchanga. Sura ilikuwa ileile, kifua kilekile wazi, ila kila kitu kilikuwa kimetengenezwa upya. Imepungua uzito. Kiti kimeshuka, miguu yote miwili inafika chini. Shokapu za mbele nene kama mapaja ya mpagazi. Taa nyeupe inayotoboa ukungu, na pale kwenye saa ya mwendo pana kioo kinachokuambia hata uko gia ya ngapi. Breki ya mbele, badala ya diski moja, diski mbili.

Muuzaji wa Tanga alitaka kumweleza habari ya breki hizo, kwamba mna kifaa ndani kinachozuia gurudumu lisikwame. Mbaruku alimkatiza. "Kijana, mimi na hii pikipiki ni ndugu. Nionyeshe tu pa kuchomeka ufunguo." Hayo alituhadithia mwenyewe, na tukacheka sana.

Mvua ya kwanza ikanyesha. Mbaruku alikuwa anashuka peke yake, akafika kona yenye utelezi, akaminya breki. Mara ule mkono wa breki ukaanza kumtetemekea vidoleni, tr-tr-tr-tr, kama kuku aliyeshikwa shingo. Mbaruku akashtuka. Maishani mwake kitu kinachotetemeka hivyo kilikuwa kitu kinachotaka kukatika. Akaachia. Pikipiki ikaenda moja kwa moja mtaroni, kwa bahati upande wa ukuta. Akatoka na goti limechunika na hasira tele.

Alikwenda kwa fundi Kaniki. "Nitolee huu ugonjwa," akasema. "Pikipiki mpya ina homa."

"Hiyo siyo homa, kaka. Ndiyo inafanya kazi hivyo. Ikitetemeka wewe endelea kuminya tu."

"Kaniki, breki nzima haitetemeki. Nimeendesha barabara hii kabla hujajua kushika spana. Chomoa fyuzi ya hicho kinachotetemesha, nibaki na minya-achia yangu."

Kaniki alikuwa mtu asiyependa mabishano. Alisema ana kazi nyingi, ailete wiki ijayo. Lakini wiki hiyo ilikuwa na harusi ya Rukaiya, binti pekee wa Mbaruku, aliyekuwa anaolewa Mombo. Kwa hiyo pikipiki ikabaki na homa yake.

Rukaiya alikuwa amemwomba baba yake jambo moja tangu utotoni: siku yake ikifika asishuke kwa gari. Apande Kifua Wazi nyuma ya baba, yeye mwenyewe awe mbele ya harusi yake. Mbaruku alikuwa amekubali, na mji mzima ulijua amekubali. Bwana harusi na watu wake walikuwa wameshajipanga bondeni kumwona bi harusi anayeteremka na upepo.

Asubuhi hiyo mvua ikanyesha tangu alfajiri. Tulipofika na bendi yetu tulimkuta Mwantumu, mke wa Mbaruku, amesimama uani kati ya binti yake na pikipiki. Amevaa kanga zake mpya, na mikono inamtetemeka mpaka bangili zinalia.

"Baba Rukaiya," alisema, "mtoto asipande. Wewe mwenyewe umesema ile breki ni mbovu."

"Nimesema ina homa. Dawa yake ninayo."

"Barabara imelowa."

"Nimeshusha harusi ngapi kwenye mvua? Na wewe unatetemeka nini? Watu wanatuangalia."

"Waache waangalie. Macho yao hayatanirudishia mtoto."

Rukaiya akaanza kulia, shangazi zake wakaanza kunong'ona, Mbaruku akawasha injini kama mtu aliyemaliza mazungumzo. Hapo Mwantumu akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Akakusanya kanga zake, akashika bega la mumewe, akapanda nyuma.

"Kama njia ni nzuri kwa mwanangu," alisema, "kwangu ni nzuri zaidi, maana mimi nimeshaolewa. Rukaiya, ingia kwenye gari. Twende."

Mbaruku angefanya nini? Kumshusha mkewe kwa nguvu mbele ya watu wote? Akaondoa pikipiki. Mwanamke yule, nawaambieni, hakuwahi kupanda chombo hicho hata siku moja. Alimkumbatia mumewe kwa mikono miwili, uso kauficha mgongoni, na kutetemeka kwake tulikuona sisi tulioko nyuma kwenye pikapu.

Tukashuka. Tukapita Soni tunapiga, watu wanashangilia na kuuliza, "Bi harusi ndiye yule? Mbona mtu mzima?" Chini ya Soni ukungu ukafunga. Mbaruku akaongeza mwendo kidogo ili atutangulie, afungue kona kabla hatujafika. Nilimwona anaingia kwenye mteremko ulionyooka, ukungu ukafunguka ghafla, na mwisho wa mteremko nikaona kile alichokiona yeye: lori la magogo limezimika kwenye kona, limeziba barabara yote. Kushoto ukuta. Kulia hakuna kitu. Nyuma yetu gari la Rukaiya.

Niliacha kupiga. Dereva wetu alianza kupunguza, sisi tulikuwa mbali kiasi cha kutosha. Mbaruku hakuwa mbali.

Aliminya breki. Na breki, kama kawaida yake, ikaanza kutetemeka. Alituambia baadaye kwamba vidole vilikuwa vimeshaanza kufunguka vyenyewe, maana vidole vilivyozoea miaka yote havingoji amri. Minya, achia. Na hapohapo akasikia sauti ya mkewe sikioni, kali kuliko honi:

"Usiiachie!"

Akashangaa amejuaje. Lakini ule haukuwa wakati wa kuuliza. Akaminya tena, akashikilia, mkono wa breki unatetemeka kana kwamba utang'oka. Pikipiki haikulala. Haikuyumba hata kidogo. Iliinama tu mbele, ikapungua, ikapungua, ikasimama. Gogo la mwisho lilikuwa limetokeza nje ya lori, na Mbaruku angeweza kulibusu bila kujivuta.

Tulikimbia mpaka pale. Rukaiya naye alikuwa ametoka kwenye gari, viatu mkononi. Tukawakuta bado wamekaa juu ya pikipiki, injini imezima. Mbaruku ndiye aliyeanza kusema.

"Mama Rukaiya. Ulijuaje habari za breki?"

"Breki gani?"

"Si umeniambia usiiachie?"

"Mimi nimekuambia usiniachie. Usiniachie mimi! Nilihisi nateleza, nami huko kwenye breki zako najua nini?"

Mwantumu akasema, na hili nalikumbuka neno kwa neno, "Miaka yote hii hujawahi kunisikia vizuri hata siku moja. Leo umenisikia vibaya, ikawa heri."

Tulicheka, jamani. Tulicheka kwa woga uliokuwa unatutoka. Mbaruku peke yake hakucheka. Alitaka kushuka akashindwa, kwa sababu mikono ya mkewe bado ilikuwa imemkumbatia, bado inatetemeka, na vidole vimekaza kwenye koti lake hata Mwantumu mwenyewe hawezi kuvifungua. Mbaruku akaitazama mikono ile. Kisha akautazama mkono wa breki. Kisha akaifunika mikono ya mkewe kwa yake.

"Nilisema breki hii ni mbovu kwa kuwa inatetemeka," alisema polepole. "Na wewe asubuhi nikakudharau kwa hilohilo. Kumbe kinachotetemeka ndicho kinachoshika."

Lori lilipovutwa pembeni, Rukaiya alimfuata mama yake, akambusu mkono, akarudi garini bila kuambiwa na mtu. Tulifika Mombo tumechelewa, chakula kimepoa, na Mbaruku aliposimamishwa kumpa bwana harusi nasaha alisema maneno hayo matatu tu akaketi. Wakwe hawakuyaelewa. Ikabidi sisi wa matarumbeta tuwahadithie, na ndivyo yalivyoenea. Kwa Kaniki Mbaruku hakurudi tena na habari ya fyuzi. Ila vijana aliwakusanya, akawaambia ile minya-achia ilikuwa ya pikipiki iliyokwishakufa.

Sasa, Mhina. Hiyo yako ni Kifua Wazi ya juzi, imezidi hata ile. Ni nzuri, sikatai. Nikuulize: mama yako alipokuambia methali hii alikuwa ameshika nini?

Umesema mkono wako. Na wake ulikuwaje?

Chausiku, jibu wewe, umeacha kucheka lini?

Eeh. Ulikuwa unatetemeka. Na yeye alikuachia, Mhina, au wewe ndiye uliyejichomoa?

Haya, washa pikipiki yako. Pitia nyumbani kwanza, ndipo uende huko unakokwenda. Kinachotetemeka ndicho kinachoshika.